Foleni ya Chama Inamfaa Aliyetoka Gerezani Kuliko Huruma ya Mwajiri

Tarehe 23 Aprili 2025, Rais Donald Trump alisaini amri inayozitaka wizara zake ziandae mpango wa kufikia, na kisha kuvuka, wanagenzi wapya milioni 1 nchini Marekani, yaani watu wanaojifunza ufundi kazini huku wakilipwa. Aprili ndio mwezi ambao Ikulu ya nchi hiyo ilianza mwaka 2018 kuutangaza kuwa mwezi wa nafasi ya pili kwa waliomaliza vifungo. Mambo hayo mawili yamekutana, na vyombo vya habari vimepata habari tamu: magereza yenye karakana ambamo mafundi wa vyama vya wafanyakazi wanawafundisha wafungwa useremala, kufunga nondo na kumwaga zege. Picha zinafanana kila mahali. Kuna kofia ngumu, kuna cheti, kuna mkuu wa gereza anayetabasamu pembeni. Maelezo ya chini ya picha nayo yanafanana: vyama vimefungua moyo, mfungwa amepata ujuzi, jamii imesamehe.

Sina ugomvi na picha, ila maelezo yake yamekosa shabaha. Kufunga nondo kunaweza kufundishwa na yeyote anayekujua, na karakana za magereza si jambo jipya Marekani. Chama cha wafanyakazi kina kitu kimoja ambacho gereza, serikali na mashirika ya hisani hayana: mlango wa kazi ambao ukishaupita, huulizwi upya umetoka wapi kila mradi unapoanza. Swali la rekodi ya jinai linaulizwa mwanzoni, linajibiwa, kisha mtu anaingia kwenye foleni kama wenzake. Mpango wowote unaochukua mafunzo ya chama na kuiacha foleni ya chama umebeba ganda na kuacha kiini, na mingi kati ya ile inayopigiwa makofi leo inaelekea huko.

Tuanze na ukubwa wa tatizo. Magereza ya majimbo na ya serikali kuu ya Marekani yana watu wapatao milioni 1.2, na kila mwaka mamia ya maelfu wanatoka. Taasisi ya Prison Policy Initiative ilikadiria mwaka 2018, kwa kutumia takwimu za 2008, kwamba ukosefu wa ajira miongoni mwa waliowahi kufungwa ulikuwa asilimia 27, kiwango kinachozidi hata kilele cha Mdororo Mkuu wa miaka ya 1930. Serikali yenyewe, ikifuatilia walioachiwa mwaka 2012 katika majimbo 34, ilikuta asilimia 62 wamekamatwa tena ndani ya miaka 3 na asilimia 71 ndani ya miaka 5. Kukamatwa si kuhukumiwa, na mtu anayetazamwa na polisi kila siku hukamatwa kwa urahisi zaidi kuliko jirani yake. Hata hivyo, ukiipunguza takwimu hiyo kwa kiasi chochote cha haki, bado inabaki kubwa.

Utafiti unaoeleza vizuri zaidi kinachotokea mlangoni kwa mwajiri ni wa mwanasosholojia Devah Pager, uliochapishwa mwaka 2003. Aliwatuma vijana waliolingana kwa elimu, mavazi na namna ya kuzungumza wakaombe kazi za kawaida mjini Milwaukee, baadhi wakijieleza kuwa wamefungwa na wengine hapana. Wazungu wasio na rekodi waliitwa tena katika asilimia 34 ya maombi, na wenye rekodi asilimia 17. Weusi wasio na rekodi waliitwa katika asilimia 14, na wenye rekodi asilimia 5. Wengi husoma takwimu hizo kama somo la ubaguzi wa rangi, na wanasoma sawasawa, kwani Mzungu aliyejitambulisha kuwa mhalifu alimshinda Mweusi asiye na doa. Ila kuna jambo jingine ndani yake ambalo huwa linapitwa. Kila ombi lilikuwa hukumu mpya. Hakuna mwajiri aliyejua wala kujali kama mwenzake wa mtaa wa pili alishamwamini mtu huyu. Msamaha haukuhama kutoka kampuni moja kwenda nyingine.

Sasa weka hali hiyo kwenye ujenzi. Kazi ya ujenzi huisha. Jengo likikamilika, aliyeweka mabomba hana kazi tena, hata kama hakukosea kitu. Fundi anaweza kubadilisha wakandarasi mara kadhaa ndani ya mwaka mmoja. Kwa mtu asiye na rekodi hiyo ni kero tu. Kwa aliyetoka gerezani katika soko huria, kila mradi unapoisha anarudi kwenye kesi yake: fomu mpya, uchunguzi mpya wa historia ya jinai, sura mpya ikimtazama na kuuliza ilikuwaje. Anaweza kuwa fundi bora na bado akashindwa, kwa sababu anatakiwa ashinde kila mara, na akishindwa mara moja tu wiki mbaya ya kodi ya nyumba inamkuta.

Ukumbi wa chama hufanya kazi kwa namna nyingine. Mkandarasi mwenye mkataba wa hali bora na chama, akihitaji mafundi sita kesho, hatangazi nafasi za kazi. Anapiga simu kwenye tawi. Mgawa kazi anafungua orodha ya wasio na kazi na kuanza na jina lililokaa muda mrefu zaidi. Aliyeitwa anapewa karatasi yenye jina la mkandarasi, mahali pa ujenzi na saa ya kuripoti, na saa kumi na mbili asubuhi yuko getini na mkanda wa vifaa kiunoni. Msimamizi anaiangalia karatasi, anauliza kama ana cheti cha usalama, anamwonyesha kazi ilipo. Matawi hayafanani, nikiri mapema. Mengine huruhusu fundi ajitafutie mwenyewe, mikataba mingi humwachia mkandarasi haki ya kumkataa aliyeletwa, na sheria ya Taft-Hartley ya 1947 ilipiga marufuku kumlazimisha mwajiri achukue wanachama peke yao, hivyo orodha haiwezi kumbagua asiye mwanachama. Lakini msingi unabaki: anayetafutiwa kazi ni nafasi ya kwenye orodha, na mwenye nafasi hiyo hajielezi upya kila Jumatatu. Mkandarasi anaamini orodha. Orodha ndiyo inayomdhamini mtu.

Kabla ya kuingia kwenye orodha hiyo kuna uanagenzi, na hapa wengi wanaoisifu mipango hii wanasimama mapema mno. Mfumo wa uanagenzi unaosajiliwa na serikali ulianza kwa sheria ya 1937. Mwanagenzi hulipwa tangu siku ya kwanza, mara nyingi karibu nusu ya ujira wa fundi kamili, na ujira huo hupanda kwa hatua kadiri saa za kazi zinavyoongezeka. Kwa fundi umeme hiyo ni miaka mitano na saa zipatazo 8,000 za kazi, pamoja na darasa la jioni au la wiki nzima kwa zamu. Gharama za shule hailipi yeye. Zinatoka kwenye senti zinazokatwa kwa kila saa ya kazi ya kila fundi aliye chini ya mkataba, na mfuko huo husimamiwa kwa pamoja na chama na wakandarasi. Ndiyo kusema mafundi wazee wanamlipia chipukizi masomo, wakitarajia kwamba naye atachangia mfuko wa pensheni watakapostaafu. Huruma haina nafasi kubwa katika hesabu hiyo, na ndiyo maana naiamini.

Mipango ya gerezani hukaa kabla ya hatua hiyo. Shirikisho la vyama vya ujenzi vya Amerika Kaskazini lina mtaala wa awali wa saa 120 unaogusa fani zote: hesabu za ujenzi, kusoma ramani, usalama, historia ya vyama vyenyewe. California ilianza mwaka 2006 kuwaleta maseremala, mafundi wa vyuma na vibarua wa vyama kufundisha ndani ya magereza, na anayehitimu akitoka hulipiwa ada za mwanzo za chama na kupewa vifaa. Jimbo la Washington lina mpango katika gereza la wanawake ambao wahitimu wake hupewa kipaumbele cha kuingia katika uanagenzi wa maseremala, vibarua na mafundi wa vyuma. Angalia maneno hayo mawili: ada na kipaumbele. Mtaala wa saa 120 haumfanyi mtu kuwa fundi. Kinachoipa mipango hiyo miwili nguvu ni makubaliano kwamba upande wa pili wa ukuta kuna tawi lililokubali kumpokea. Nimesoma taarifa nyingi za mipango ya aina hii, na ile dhaifu unaitambua kwa jinsi inavyohesabu vyeti kwa mbwembwe na kunyamaza kuhusu waliosajiliwa kama wanagenzi.

(Kuna kejeli ndogo hapa ambayo sijaona ikitajwa. Mwalimu wa chama anasimama mbele ya darasa ambalo kisheria linaweza kuzuiwa kuendesha chama. Mwaka 1977 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi iliyotoka North Carolina, kwamba wakuu wa magereza wanaruhusiwa kuzuia mikutano ya chama cha wafungwa na uandikishaji wa wanachama wake. Anayefundishwa faida za mkataba wa hali bora asubuhi, mchana anarudi kwenye kazi za gereza ambazo hana mamlaka ya kuzijadili.)

Je, kuna ushahidi kwamba aina ya kazi ina maana, au kazi ni kazi? Hapa utafiti umesema mambo ambayo wanasiasa hawayapendi. Shirika moja la New York linalowapa walioachiwa ajira za muda lilipimwa kwa jaribio la kuwagawa watu kwa bahati nasibu. Ajira iliongezeka sana mwanzoni, kisha tofauti ikayeyuka kazi za muda zilipokwisha, ingawa waliofika mapema baada ya kutoka walirudi gerezani kwa uchache zaidi. Jaribio kama hilo katika miji minne, Chicago, Detroit, Milwaukee na St. Paul, halikupunguza kurudia uhalifu. Kwa upande mwingine, mwanauchumi Kevin Schnepel alichunguza walioachiwa California na kuangalia ni ajira zipi zilikuwa zikifunguka katika kaunti zao walipotoka. Ajira za ujenzi na viwanda zilipoongezeka, waliorudi gerezani walipungua. Nafasi nyingine za ujira mdogo ambazo watu hao wangeweza kuzipata hazikuwa na athari hiyo. Na mwaka 2000 Christopher Uggen, akipitia data za jaribio la miaka ya 1970, alikuta kwamba hata kazi duni iliwasaidia waliovuka umri wa miaka 26, lakini vijana zaidi haikuwagusa.

Ukiyaweka matokeo hayo pamoja, kazi ya muda peke yake haitoshi, na kazi ya ujira duni haimshiki mtu, hasa kijana. Kinachoshika ni kazi yenye ngazi. Mfanyakazi wa muda wote aliye kwenye chama alikuwa na ujira wa kati wa dola 1,337 kwa wiki mwaka 2024, na asiye kwenye chama dola 1,138. Sehemu ya pengo hilo hutokana na fani na mahali, si chama peke yake. Lakini kwa mtu anayetoka na deni la faini, deni la matunzo ya watoto na hana akiba, pengo la dola 200 kwa wiki ndilo linaloamua kama atakaa kwenye kazi au atasikiliza simu ya rafiki wa zamani.

Swali linalofuata ni kwa nini vyama vifanye hivyo. Jibu la magazeti ni wema. Jibu langu ni woga, na nalisema kwa heshima. Mwaka 2024 wanachama wa vyama walikuwa asilimia 9.9 tu ya wafanyakazi wa Marekani, na kwenye ujenzi ni kidogo zaidi ya asilimia 10. Maana yake mkandarasi asiye na chama ndiye kawaida, na anahitaji watu wasioweza kukataa. Mtu aliye kwenye parole, yaani aliyeachiwa kabla ya kifungo kuisha na kuwekwa chini ya uangalizi, ni mfanyakazi wa namna hiyo hasa. Masharti ya kuachiwa kwake mara nyingi humtaka awe na kazi. Akiiacha kwa sababu kiunzi hakina reli au ujira umechelewa, anajieleza kwa afisa anayeweza kumrudisha ndani. New York walizuka mawakala wa vibarua waliojenga biashara juu ya hali hiyo: wanawachukua waliotoka gerezani, wanawapeleka kwenye maghorofa kwa ujira mdogo bila bima ya afya, na wao kulipwa na mkandarasi kwa kila kichwa. Tawi la vibarua namba 79 la jiji hilo liliendesha kampeni dhidi yao, na mwaka 2021 baraza la jiji likapitisha sheria ya kuwataka mawakala wa namna hiyo wawe na leseni.

Tawi hilo halikuwa likifanya hisani. Kila aliyetoka gerezani anayefanya kazi kwa wakala kwa nusu ya ujira ni zabuni moja ambayo mkandarasi wa chama ameikosa. Chama kina njia mbili tu, kumfungia nje na kushindana naye, au kumwingiza na kusimama naye. Wanaoogopa kwamba vyama vitachoka na jambo hili msimu wa picha ukipita wangekuwa na haki kama nia ingekuwa wema, maana wema huchoka. Nia ikiwa ni kulinda ujira, itadumu maadamu tishio lipo.

Nimeona hoja tatu dhidi ya njia hii, na hazina uzito sawa.

Ya kwanza ni ya haki kwenye foleni. Nafasi za uanagenzi ni chache, waombaji ni wengi, na wapo vijana ambao hawajawahi kumwibia mtu hata sindano. Kwa nini wapitwe? Hii ni hoja nzito na haijibiwi kwa kuhubiri. Ndani ya matawi ndiyo inayosikika zaidi, hasa kazi zikipungua, mafundi wenye familia wanapokaa kwenye orodha wiki baada ya wiki na kuambiwa tawi linaingiza wapya. Sidhani kama ina jibu kamili. Jibu la sehemu ni kwamba kipaumbele kinapaswa kufungwa kwenye kazi mpya, si kwenye orodha ya zamani. Mamlaka ya usafiri ya Los Angeles ilifanya hivyo mwaka 2012: mikataba yake mikubwa ya ujenzi inataka asilimia 40 ya saa zifanywe na watu wa maeneo maskini, asilimia 20 na wanagenzi, na asilimia 10 na watu wenye vikwazo vizito vya ajira, waliowahi kuhukumiwa wakiwemo. Hakuna anayevuliwa kofia ili mwingine avishwe. Saa za kazi za reli mpya zinagawanywa kabla ya kuzaliwa, ndani ya makubaliano yaliyosainiwa na vyama vyenyewe.

Ya pili ni historia, nayo ni nzito vilevile. Vyama vya ujenzi vilikuwa mabingwa wa kufunga mlango. Tawi la 28 la mafundi wa mabati wa New York lilikutwa na hatia ya kuwazuia Weusi mwaka 1964, likapewa lengo la asilimia 29 la wanachama wasio Wazungu, likakaidi, na kesi ikafika Mahakama ya Juu mwaka 1986, ambako lengo hilo liliidhinishwa. Rais Nixon alilazimika kuleta Mpango wa Philadelphia mwaka 1969, uliowataka wakandarasi wa miradi ya serikali wajiwekee malengo ya kuajiri Weusi na wachache wengine, kwa sababu fani nyingi zilirithishwa kutoka baba kwenda mwana na mjomba kwenda mpwa. Katika nchi ambayo Weusi hufungwa karibu mara tano ya Wazungu, kumwambia aliyetoka gerezani aende chamani ni kumtuma kwenye nyumba iliyowahi kumfukuza babu yake. Na kinga mojawapo imeondoka: amri ya rais ya 1965 iliyowataka wakandarasi wa serikali wachukue hatua za kupanua ajira ilifutwa Januari 2025. Kwa hiyo foleni ni nzuri pale tu inapoonekana. Orodha iliyobandikwa ukutani, yenye tarehe, inayoweza kukaguliwa na mwanachama yeyote, ni ulinzi. Orodha iliyo kichwani mwa mgawa kazi ni ukoo uleule wa zamani umevaa fulana ya chama. Anayetetea njia ya vyama bila kudai uwazi huo anatetea nusu ya hoja.

Ya tatu ndiyo dhaifu kuliko zote, nayo ndiyo inayovuma: soko litatatua. Chama cha wakandarasi cha ABC, ambacho wanachama wake wengi hawana mikataba na vyama vya wafanyakazi, kilikadiria kwamba sekta ingehitaji wafanyakazi wapya 439,000 mwaka 2025. Basi, wanasema, uhaba utamlazimisha mwajiri asahau rekodi. Tuondoe tu kisanduku cha kuuliza makosa kwenye fomu ya maombi, tumpe mwajiri nafuu kidogo ya kodi, na mengine yatajipanga. Kisanduku kimeondolewa sehemu nyingi, na tunajua kilichotokea. Amanda Agan na Sonja Starr walituma maombi ya kazi ya kubuni yapatayo 15,000 New Jersey na jijini New York kabla na baada ya sheria hizo. Kabla, waombaji wenye majina ya Kizungu waliitwa asilimia 7 zaidi ya wenye majina ya Weusi katika kampuni zilizokuwa na kisanduku. Baada ya kisanduku kuondoka, pengo likawa asilimia 43. Waajiri waliponyimwa taarifa walikisia, na walikisia kwa rangi.

Watetezi wa soko hudhani tatizo ni taarifa: ama mwajiri anajua sana, ama anajua kidogo. Mpe zaidi, anabagua kwa rekodi. Mpe kidogo, anabagua kwa jina. Utaratibu wa orodha unalikwepa tatizo hilo kwa kuondoa uamuzi mmoja mmoja mikononi mwake. Na uhaba wenyewe si rafiki wa kudumu. Ujenzi hupanda na kushuka kwa riba, na mwajiri aliyesahau rekodi kwa sababu ya uhaba huikumbuka vizuri sana mwaka wa njaa. Kuhusu nafuu ya kodi, ambayo sheria iliiidhinisha hadi mwisho wa 2025, ilikuwa ikifika dola 2,400 kwa mtu, tena kwa ujira wa mwaka wa kwanza tu. Hakuna aliyeipata kwa kumweka mtu huyo miaka mitano.

Nisivipambe vyama kupita kiasi. Zipo kuta ambazo karatasi ya tawi haizivuki. Kitambulisho cha kufanya kazi bandarini humkataa kwa muda aliyehukumiwa kwa makosa kadhaa ndani ya miaka 7 au aliyetoka gerezani ndani ya miaka 5, na makosa mengine hufunga mlango daima. Beji ya kuingia maeneo yenye ulinzi ya viwanja vya ndege huangalia miaka 10 nyuma. Shule na kambi za jeshi zina vichujio vyao. Mgawa kazi mwenye busara hulijua hilo, humruka mtu kwenye kazi ya bandari bila kumpotezea nafasi yake, na kumpeleka kwenye hospitali au daraja linalofuata. Asiye na busara humwacha afike getini akarudishwe mbele ya wenzake.

Halafu kuna mambo madogo yanayoua uanagenzi kuliko sera yoyote. Kazi inaanza alfajiri, mahali pa ujenzi huhama, na mwanagenzi asiye na leseni ya udereva yuko hatarini tangu wiki ya kwanza. Majimbo mengi yamezoea kunyang'anya leseni kwa sababu ya madeni ya faini. Afisa wa parole anapanga miadi Jumatano saa nne asubuhi, saa ambayo zege linamwagwa. Mradi uko kaunti jirani, na ruhusa ya kuvuka kaunti inachukua siku nane. Mwanagenzi akikosa mara tatu, kamati inamwita. Kamati haiulizi kuhusu parole, inauliza kuhusu mahudhurio. Hapo ndipo fedha za mipango zingefaa kwenda: viatu vya kazi, leseni, na mtu mmoja ofisini mwenye namba ya simu ya afisa wa parole. Badala yake zinakwenda kwenye darasa jingine la saa 120, kwa sababu darasa lina mahafali na mahafali yana picha.

Hapo kipimo cha mafanikio kinabadilika pia. Kwa sasa serikali huhesabu aliyepata kazi ndani ya siku fulani baada ya kutoka. Kwenye ujenzi, kazi ya kwanza haisemi mengi. Kazi ya pili ndiyo inayotuambia kama foleni inafanya kazi: mradi wa kwanza ulipoisha, mtu huyu alikaa kwenye orodha muda gani ukilinganisha na mwenzake aliyeingia mwaka uleule bila rekodi? Matawi yana takwimu hizo tayari, kwa sababu orodha zina tarehe. Jimbo linalolipia ada za kuingia chama lina kila haki ya kuziomba, na tawi linaloficha linajieleza lenyewe. Amri ya wanagenzi milioni 1 haitaji kipimo cha namna hiyo. Inahesabu wanaoingia, na kuingia ndiko rahisi.

Limebaki jambo moja ambalo Bunge la Marekani lingeweza kulibadilisha bila kutumia hata dola. Sheria ya 1959 ya kudhibiti uongozi wa vyama, iliyoandikwa wakati wa hofu ya magenge ya wahalifu ndani ya vyama, inamzuia aliyehukumiwa kwa makosa kama unyang'anyi, uvunjaji wa nyumba, wizi mkubwa au dawa za kulevya kuwa kiongozi, mratibu au hata mtumishi wa chama, ukiacha kazi za ukarani na usafi. Muda wa zuio ulikuwa miaka 5. Mwaka 1984 ukapandishwa hadi 13, ukihesabiwa tangu hukumu au tangu kutoka gerezani. Mahakama inaweza kuupunguza, lakini si chini ya miaka 3, na mwombaji ndiye anayebeba mzigo wa kwenda kuomba. Aliyeuza dawa akiwa na miaka 20, akatoka akiwa na 26, anaweza kumaliza uanagenzi, kulipa ada kila mwezi na kupiga kura, lakini hawezi kuajiriwa na tawi kama mratibu hadi afike 39. Fundi huyo ndiye anayejua afisa wa parole anapatikana saa ngapi na mawakala wa vibarua wanawasubiri watu kona gani. Tawi linalotaka kuwashinda mawakala hao linamhitaji barabarani mwaka huu, na kwa sheria ilivyo, linaweza kumpa ufagio tu.